Pasi ya msimu ya skii inayoingia milima mingi: jinsi ya kuitafuta usije ukalipia milima usiyoenda

Kila mwaka ikishafika Machi kampuni za milima ya skii (kuteleza juu ya theluji) huko Amerika Kaskazini zinaanza kuuza pasi za msimu unaokuja, yaani kadi unayolipia mara moja ukapanda lifti za mlima msimu mzima, hata kama theluji ya msimu huu bado ipo, na matangazo yanakuja na namba kubwa kubwa, milima 40, milima 60, mabara kadhaa. Sawa, namba zenyewe ni za kweli, ila wewe utaskii kwenye milima mitatu minne ambayo gari lako linaifikia Jumamosi asubuhi na usiku unalala kwako. Hiyo milima ndo inatakiwa ikuchagulie pasi. Watu wengi wananunua pasi kubwa kwa sababu marafiki wanayo, alafu wanakuja kugundua Desemba kwamba mlima ulio karibu nao kabisa haumo, au umo lakini kwa siku tano tu, na Krismasi hawaruhusiwi. Hela imeshaenda na hairudi.

Kwahiyo twende taratibu.

Anza na ramani, tovuti ya pasi baadae

Chukua karatasi au fungua noti kwenye simu, andika kila mlima wenye lifti ulio ndani ya saa mbili kutoka unapokaa. Kila mlima, hata kile kilima chenye lifti tatu ambacho watu wanakidharau, maana kama kina taa za usiku hapo ndo utaenda jioni ukitoka kazini na utapata siku nyingi kuliko kwingine kote. Chini yake andika orodha ya pili, milima ya saa mbili mpaka tano, hiyo ni ya kwenda na kulala usiku mmoja au miwili. Ya tatu ni ya kupanda ndege, na hii usiijaze, weka sehemu moja au mbili ambazo umeshaanza kuzipangia kweli, sio zile unazoziona kwenye video ukazitamani.

Muda wa barabarani upime kwa hali ya msimu wa baridi, usipime kwa ramani ya Julai. Denver mpaka Vail ni kama maili 100, ukiangalia unasema hii ni chini ya saa mbili, lakini barabara ni ileile moja ya I-70 inayopanda mpaka kwenye handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000 juu ya usawa wa bahari, na Jumamosi yenye theluji jiji zima linaelekea hukohuko, foleni yake ukiingia saa moja asubuhi unaweza ukafika lifti zimeshatembea masaa mawili. Salt Lake City mambo ni tofauti, Alta na Snowbird ziko karibu kabisa na jiji, tatizo ni ile barabara ya Little Cottonwood, theluji ikimwagika sana usiku wanaifunga kwanza ili waangushe maporomoko ya theluji kwa makusudi kabla magari hayajapita, na ukiwa mkiani kwenye foleni unasubiri tu. Mambo kama haya hayapo kwenye tangazo la pasi yoyote na ndo yanaamua utaenda mara ngapi.

Jua familia za pasi

Sasa hapa kuna majina kama manne makubwa na mengine mengi madogo.

Epic Pass ni ya Vail Resorts, ilianza 2008 kwa dola 579, na ndo iliyobadilisha biashara nzima, maana kabla ya hapo pasi ya msimu ilikuwa kitu cha mwenyeji wa mlima mmoja. Kampuni ikawa inanunua milima mwaka baada ya mwaka, Whistler Blackcomb ya Kanada wakaichukua 2016, alafu 2019 wakanunua kampuni ya Peak Resorts iliyokuwa na milima 17, mingi yake midogo ya kaskazini mashariki na katikati ya Marekani. Hiyo ya 2019 kwa mtu anayetafuta pasi ya mkoa wake ni muhimu kuliko Whistler, kwa sababu ndo iliyoingiza Mount Snow na Hunter na vilima vingine ambavyo mtu wa New York au Boston anavifikia kwa gari.

Ikon Pass ni ya Alterra, ilianza kuuzwa 2018. Hii ina milima yake yenyewe kama Steamboat, Mammoth, Palisades Tahoe, Stratton na Sugarbush, alafu ina washirika ambao sio mali yake, kama Jackson Hole, Aspen Snowmass, Big Sky na Killington. Shika sana hiyo tofauti ya mlima wa kampuni na mlima mshirika, tutairudia chini, hapo ndo kuna siri nyingi.

Indy Pass ilianza 2019 kwa ajili ya milima midogo na ya kati isiyomilikiwa na hayo makampuni makubwa. Unapata siku mbili kila mlima. Jay Peak kule Vermont imo, Mission Ridge na White Pass za jimbo la Washington zimo, na mingine mingi ambayo pengine jina lake hujawahi kulisikia. Kwa maoni yangu kwa familia inayopenda kuzunguka na isiyopenda misongamano hii ndo pasi yenye thamani kubwa kuliko zote ukilinganisha na bei yake, ila haifai kabisa kwa mtu anayetaka mlima mmoja kila wikendi, siku mbili zikiisha zimeisha.

Mountain Collective ipo tangu 2012, nayo ni siku mbili kila mlima, ila milima yenyewe ni ile mikubwa ya kusafiria kama Alta, Snowbird, Jackson Hole na Banff Sunshine, haina siku zilizofungwa, na ukimaliza siku zako mbili unalipa nusu ya bei ya tiketi kwa siku zinazofuata. Hii ni pasi ya msafiri. Kama kwenye orodha yako ya tatu una safari ndefu moja ya wiki nzima inayogusa milima mitatu hivi, iangalie.

Alafu zipo pasi za mkoa, na huku watu hawaangalii vya kutosha. New England Pass ya kampuni ya Boyne inakusanya Sunday River, Sugarloaf, Loon na Pleasant Mountain, yaani mtu wa Maine au New Hampshire anaweza akamaliza msimu mzima humohumo bila kuhitaji jina kubwa lolote. Kusini magharibi kuna Power Pass inayounganisha milima kama Purgatory ya Colorado na Arizona Snowbowl. Na kuna milima ya kujitegemea inayouza pasi yake yenyewe lakini ndani yake inakupa siku za bure kwa majirani na marafiki zake, Loveland na Monarch za Colorado zinafanya hivyo, na Ski Cooper pale Leadville, mlima mdogo kabisa, pasi yake inajulikana kwa orodha ndefu ya washirika. Hizi siku za kubadilishana hazitangazwi kwa kelele, unazikuta chini kabisa kwenye ukurasa wa pasi wa mlima wenyewe, sehemu ya faida za mwenye pasi, kwahiyo kwa kila mlima wa orodha yako ya kwanza ingia hapo usome mpaka mwisho.

Ukiwa Ulaya mpango ni huohuo ila majina ni mengine, Uswisi kuna Magic Pass iliyoanza 2017, Italia kuna Dolomiti Superski ambayo ipo tangu 1974 na inaunganisha maeneo 12 yenye kilomita kama 1,200 za njia kwa kadi moja. Huko pasi za mkoa ni jambo la kawaida kuliko Marekani.

Weka jina la pasi mbele ya kila mlima

Rudi kwenye karatasi yako. Mbele ya kila mlima andika unaingia kwenye pasi gani, na kama hauingii kwenye yoyote andika "peke yake". Hapo picha inaanza kuonekana yenyewe. Mtu wa Seattle kwa mfano ataona Stevens Pass iko Epic, Crystal na Snoqualmie ziko Ikon, White Pass na Mission Ridge ziko Indy, yaani mkoa mmoja umegawanywa vipande vitatu na hakuna pasi itakayompa yote, lazima aamue anakaa upande gani wa jiji na anapenda barabara ipi. Mtu wa Vermont vilevile, Stowe, Okemo na Mount Snow ni Epic, Killington, Stratton na Sugarbush ni Ikon, Jay Peak ni Indy. Tahoe ziwa ni moja lakini Heavenly, Northstar na Kirkwood ni Epic na Palisades ni Ikon. Salt Lake City ni rahisi zaidi, mabonde ya Cottonwood yote mawili na milima yake minne yako Ikon, ukitaka Epic unavuka kwenda Park City.

Ukishamaliza, hesabu tu ni pasi gani imetokea mara nyingi kwenye orodha ya kwanza na ya pili. Orodha ya tatu isikuvute. Safari ya ndege ya siku nne unaweza ukainunulia tiketi zake peke yake, lakini mlima wa karibu nyumbani ukikosekana kwenye pasi utaulipia kila wikendi.

Na hii kazi usiifanye mara moja ukaiamini miaka mitano. Milima inahama. Arapahoe Basin ilikuwa upande wa Epic miaka mingi, ikatoka 2019 kwa sababu ya msongamano na paking kujaa, ikaenda Ikon na Mountain Collective kwa siku chache chache, na 2024 ikanunuliwa moja kwa moja na Alterra. Aliyenunua pasi kwa mazoea bila kuangalia orodha ya mwaka ule alishangaa getini.

Soma jedwali la ruhusa mstari kwa mstari

Hii sehemu naomba usiiruke, hata kama utaruka zingine.

Kila pasi kubwa ina ukurasa wenye jedwali la milima na ruhusa zake. Jina la mlima kuwepo kwenye pasi halina maana yoyote mpaka usome kilichoandikwa pembeni yake. Kuna vitu vinne vya kutafuta.

Cha kwanza ni idadi ya siku. Kwenye Ikon kamili utaona Winter Park, Steamboat au Mammoth zimeandikwa hazina kikomo, nenda hata kila siku, alafu unashuka chini unakuta Jackson Hole siku 7. Ndo ile tofauti niliyosema, mlima wa kampuni unafunguliwa wazi, mlima mshirika unapimiwa. Zipo chache kama Copper Mountain ambazo sio za Alterra na bado hazina kikomo, kwahiyo usikisie, soma. Sasa kama mlima wako wa kila wikendi ni mshirika wa siku 7, hiyo sio pasi yako ya msimu, ni tiketi saba za kulipia mapema, na pengine pasi ya huo mlima wenyewe ni nafuu zaidi.

Cha pili ni siku za pamoja, na hapa watu wanakosea sana kusoma. Aspen Snowmass ni milima minne, Snowmass, Aspen Mountain, Aspen Highlands na Buttermilk, na siku 7 za Ikon ni za yote minne kwa jumla, sio saba kila mmoja. Epic Local ambayo ni dada mdogo wa Epic, kwa misimu mingi imekuwa ikitoa siku 10 za pamoja kwa Vail, Beaver Creek na Whistler. Ukienda Vail siku sita, zimebaki nne za kugawana kote.

Cha tatu ni siku za blakauti, yaani tarehe ambazo pasi yako haifungui geti. Pasi za bei ya chini karibu zote zinazo, na karibu zote ni zilezile, wiki ya Krismasi mpaka mwaka mpya, wikendi ya Martin Luther King katikati ya Januari, na wikendi ya Presidents' Day Februari. Ikon Base, ile ngazi ya bei ya chini ya Ikon, inazo, Epic Local inazo kwa baadhi ya milima, Indy ya kawaida inazo kwa baadhi ya milima na ukitaka kuziondoa unanunua Indy+ kwa bei ya juu. Kama una watoto wa shule au kazi yako inakupa likizo sikukuu tu, hizo tarehe ndo siku zako zenyewe, na pasi ya bei rahisi inakuwa ghali kuliko zote kwa sababu siku unazoweza kwenda ndo siku pasi imelala. Lakini mtu anayeweza kwenda Jumanne na Jumatano, yeye hizo blakauti zisimtishe hata kidogo, na milima kibao inauza pasi za katikati ya wiki tu kwa bei ndogo zaidi, aitafute hiyo kabla ya kitu kingine.

Cha nne ni kama mlima umo kwenye ngazi ile unayonunua. Jackson Hole na Aspen hazimo kwenye Ikon Base japo zimo kwenye Ikon kamili, na mtu akisikia tu "Jackson ni Ikon" anaenda kununua Base. Fungua jedwali la ngazi yako, sio la pasi kwa ujumla.

Unapomaliza, rekebisha karatasi yako, mbele ya kila mlima sasa usiandike "Ikon" tu, andika "Ikon Base, siku 5, sikukuu hapana". Karatasi hiyo ndo inaweza kujibu swali.

Piga hesabu kwa siku utakazoenda kweli

Bei zenyewe, kwa msimu wa 2025/26 Epic kamili ilifunguliwa kwa dola 1,051 na Ikon kamili kwa 1,329, na zinapanda karibu kila mwaka. Tiketi ya siku moja ukinunua dirishani, palepale mlimani, kwenye mlima mkubwa kama Vail siku za pilikapilika imeshapita dola 300. Kampuni zinapenda sana uweke hizo namba mbili pamoja, uone siku nne tu pasi imejilipa, na hesabu hiyo ni ya kweli kwenye karatasi, ila hakuna mtu makini anayenunua tiketi dirishani. Linganisha na bei unayoweza kuipata wewe, tiketi ya mtandaoni iliyonunuliwa wiki kadhaa kabla, au zile pasi za siku chache, Epic Day Pass unachagua siku 1 mpaka 7, Ikon Session siku 2 mpaka 4. Hizo ndo mshindani halisi wa pasi ya msimu.

Tuchukue mfano wa namba za kutunga ili hesabu ionekane. Mlima wa karibu tiketi ya mapema ni dola 90, mlima mkubwa wa kulala ni 180. Umepanga siku 6 kwa mlima wa karibu na 3 kwa mkubwa, hiyo ni 540 na 540, jumla 1,080. Pasi kamili ya 1,051 inaonekana imeshinda kwa kidogo. Sasa fanya kitu kimoja, punguza siku. Watoto wanaumwa, gari linaharibika, mvua inanyesha Januari mlima mzima unakuwa barafu, kazini wanakuita. Toa siku mbili za mlima wa karibu tu, jumla inashuka mpaka 900, na pasi kamili imekula 151 zaidi ya tiketi. Lakini pasi ya ngazi ya chini ya 780 hivi ingekuokolea 120 hata kwa siku hizo chache, alimradi zile siku 3 za mlima mkubwa zinaruhusiwa na haziangukii tarehe za blakauti, na hilo umeshalijua kwa sababu umesoma jedwali.

Kama umeshaskii misimu miwili mitatu, usikae kukisia, apu nyingi za milima zinaweka kumbukumbu ya siku ulizoingia, chukua namba ya msimu wa kawaida. Kama ni msimu wako wa kwanza kabisa, mimi naona pasi kubwa bado, mlima mdogo wa karibu una vifurushi vya mtu anayeanza, masomo, kukodi skii au snobodi na tiketi humohumo, na ukimaliza vipindi baadhi yao wanakupa na pasi ya msimu yenyewe. Hutahitaji mlima wa futi elfu kadhaa wakati bado unajifunza kusimama.

Upande mwingine wa hesabu ni matumizi ambayo pasi haiyagusi: mafuta ya gari, paking, chakula cha pale juu, kulala. Pasi inapokuwa imeshalipwa mtu anajisikia kwamba siku ni ya bure na anaenda mara nyingi zaidi, jambo zuri tu, ila kila siku ya bure ina tenki la mafuta ndani yake, liweke kwenye bajeti mapema.

Lini ununue

Masika, yaani Machi mpaka Mei, ndo bei ya chini kabisa. Baada ya hapo inapanda kwa ngazi, mara nyingi mwisho wa Mei na tena karibu na Labor Day mwanzoni mwa Septemba, na ikifika mwanzoni mwa Desemba Epic wanafunga mauzo kabisa. Kwahiyo ule mpango wa kusema nisubiri nione theluji itakuaje haupo, wameutengeneza mfumo ili wewe ununue kabla hujajua theluji. Indy wao wana idadi ya pasi wanazouza, ikijaa wanafunga hata kama ni masika, waliokuwa nayo mwaka uliopita wanapewa nafasi kwanza.

Kama hela ya masika inabana, Epic wamekuwa wakiruhusu kuweka dola 49 kushika bei na iliyobaki inakatwa vuli, na wengine wana malipo ya awamu. Soma tarehe ya kukatwa, inakatwa yenyewe kwenye kadi. Faida nyingine ya kununua mapema ni tiketi za punguzo za kumpa rafiki, ambazo idadi yake kwa baadhi ya pasi inategemea ulinunua lini, na ukiwa na ndugu wanaokuja kukutembelea mara mbili kwa msimu hizo zina hela ndani yake.

Watoto na mapunguzo mengine

Kwa mtoto wa miaka 4 kushuka, Epic na Ikon ni bure au bei ndogo mno, ila uliza kwanza kama anahitaji pasi yake mwenyewe. Alafu kuna pasi za wanafunzi za majimbo, ambazo wazazi wengi hawazijui na ni kitu kizuri kweli. Utah ina pasi ya watoto wa darasa la 4 mpaka la 6 inayoingia karibu milima yote ya jimbo, Epic na Ikon na wa kujitegemea wote humo, kwa ada ndogo. Colorado ina yake ya darasa la 3 mpaka la 6 kwa milima ya umoja wao, Kanada kuna SnowPass ya darasa la 4 na la 5. Na kwa Power Pass mtoto wa miaka 12 kushuka anapata pasi bure. Ukiwa na watoto wawili wa umri huo hesabu nzima ya familia inabadilika, inawezekana pasi kubwa wanunue wazazi tu, au hata mzazi mmoja. Wanajeshi na waliostaafu jeshini wana bei zao kwa Epic na kwa Ikon na tofauti ni kubwa mno, na wanafunzi wa chuo wanazo sehemu nyingi. Uliza kabla ya kulipa, ukishalipa kurudisha ni shida.

Ukiumia au mlima ukifungwa

Katikati ya Machi 2020 milima ilifungwa karibu yote ndani ya siku mbili tatu kwa sababu ya korona, na wenye pasi wakabaki na wiki za msimu mkononi. Vail walikuja kutoa punguzo la asilimia 20 mpaka 80 kwenye pasi iliyofuata kutegemea mtu alikuwa ametumia siku ngapi, na tangu hapo Epic ina kinga ndani ya bei inayohusu kuumia, kuugua, kupoteza kazi na baadhi ya sababu za mlima kufungwa. Soma masharti, maana theluji kuwa chache sio sababu, mlima ukiwa umefungua lifti mbili na kanjia kamoja kenye theluji ya mashine, umefunguliwa. Pasi zingine zinakuruhusu kuihamishia msimu ujao kama hujaitumia hata mara moja kabla ya tarehe fulani, hiyo ni nzuri kwa mwenye ujauzito au anayesubiri upasuaji wa goti, ila ukigusa geti mara moja tu nafasi imeisha. Na piga picha au hifadhi masharti ya siku uliyonunua.

Ukishanunua

Weka picha yako kwenye akaunti mapema, foleni ya kupiga picha siku ya kwanza ya msimu inaweza kukula asubuhi nzima. Kadi weka mfuko wa kushoto wa jaketi, peke yake, simu na funguo za gari weka upande mwingine, kwa sababu geti la lifti linasoma kadi kupitia nguo na vitu vingine vikiwa pamoja nayo linakataa kusoma, unaanza kujisukuma mbele nyuma na watu wamejaa nyuma yako. Baadhi ya pasi siku hizi zinakaa kwenye simu, hapo chaji kabla ya kutoka maana baridi inamaliza betri haraka sana. Usimwazime mtu pasi, hata ndugu, wanakagua picha getini na wakikukamata wanaifuta bila kurudisha hela.

Alafu angalia kama mlima unadai kitu zaidi ya pasi. Baadhi ya washirika wa Ikon wanataka uweke nafasi ya siku kabla hujaenda, bila hiyo geti halifunguki hata kama siku zako zipo. Alta siku za wikendi na sikukuu paking ni ya kuweka nafasi na kulipia, na pasi yako haihusiki na paking. Hizi nafasi zinaisha, hasa wiki ya theluji nyingi, kwahiyo ukiona utabiri mzuri Jumatano weka ya Jumamosi siku hiyohiyo, na kama mpango umebadilika ifute, sehemu nyingine ukiweka nafasi usipotokea mara kadhaa wanakufungia kuweka tena.

Na ingia kwenye akaunti uangalie kama pasi imewekwa ijiongeze yenyewe msimu ujao. Kama ipo, andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kuizima, wiki mbili kabla, uwe na muda wa kutoa ile karatasi yako ya milima na kuangalia nani amehama.